Tiba za ajabu ajabu za nyumbani kwa kero ndogo ndogo za mwili, na jinsi ya kuzifanya

Kuna vitu vinakusumbua mwilini ila huwezi kwenda kupanga foleni hospitali kwa ajili yake, kwikwi, muwasho wa mbu, mguu kukaza usiku wa manane, chunjua kidoleni, na hivi ndo vitu ambavyo mimi navimaliza mwenyewe nyumbani kwa njia ambazo mtu akikukuta unafanya anaweza kuuliza kama uko sawa. Ila zinasaidia, na nyingi zina sababu inayoeleweka kabisa. Na hapo kwenye sababu ndo penye mambo, maana ukishajua kitu kinafanya nini mwilini unajua pia ukifanyeje, kwa mda gani na lini uachane nacho ukamuone daktari. Tiba ambayo mtu anakwambia "we fanya tu itapona" bila kukueleza inafanya nini, mimi siigusi.

Tuanze na kwikwi maana kila mtu ana ya kwake, wengine wanashtuliwa, wengine wanakunywa maji wameinama. Kwikwi inatokea pale ule msuli mpana ulioko chini ya mapafu, ambao ndo unatuvutia hewa, unapojikunja ghafla bila kuambiwa, afu nyuzi za sauti zinajifunga pale pale na ndo unasikia ule mlio. Neva zinazohusika zinapita shingoni na kooni, kwa hiyo karibu tiba zote za kwikwi zinajaribu kuzipa neva hizo kazi nyingine ili zisahau ile ya kurudia rudia. Ninayoiamini kuliko zote ni sukari. Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari kavu, ile ya chengachenga, usiikoroge kwenye maji wala usiitafune. Imwage nyuma ya ulimi kadiri unavyoweza, funga mdomo, utasikia chenga zinakukwaruza nyuma ya koo huku mate yanaanza kujaa, sasa kabla haijayeyuka yote meza kwa mkupuo mmoja. Ile mikwaruzo ndo inayodhaniwa kufanya kazi, sio utamu, ndo maana ukiiyeyusha kwenye maji umeiharibu. Mwaka 1971 madaktari waliandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine kwamba waliwapa sukari kavu wagonjwa 20 wenye kwikwi na 19 ikakata. Ni watu wachache, sio utafiti mkubwa, ila kwa kitu kilichopo jikoni tayari mimi sioni sababu ya kutokijaribu.

Kama una kisukari, au hupendi sukari, kuna ya pumzi ambayo watu wengi wanaifanya nusu nusu ndo maana haiwasaidii. Toa hewa yote nje kwanza, yote kabisa, afu vuta pumzi ndefu hadi mwisho na uishikilie kwa sekunde 10. Sasa bila kutoa chochote vuta tena kidogo juu ya ile ile, utaona kumbe nafasi bado ipo, shikilia sekunde 5, vuta tena kidogo kwa mara ya mwisho, sekunde 5 nyingine, ndo utoe taratibu. Kifua kinakuwa kimejaa mpaka ule msuli hauna pa kurukia na hewa chafu imepanda kidogo kwenye damu, vyote viwili vinaituliza kwikwi. Mtoto mdogo usimpe sukari kavu maana anaweza kupaliwa, na mtu mzima kwikwi ikipita siku mbili mfululizo hiyo sio ya sukari tena, ni ya daktari. Kuna Mmarekani mmoja, Charles Osborne, ilimwanza mwaka 1922 ikaja kumwacha 1990, miaka 68, kwa hiyo sio kitu cha kudharau ikigoma.

Nikiwa bado kwenye neva niseme kuhusu kujigonga. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda mkono unakimbilia wenyewe kusugua, hujafundishwa na mtu, na una haki. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo taarifa za mguso na taarifa za maumivu zinapita kwenye lango moja, ukijaza lango kwa mguso maumivu yanapita machache. Kwa hiyo sugua vizuri, sio kwa kukandamiza pale palipoumia, sugua pembeni yake kwa kiganja kizima, haraka haraka, na usiache baada ya mara mbili tatu, endelea mpaka usikie panatulia. Na lingine ambalo wazazi wetu wasingelipenda ni kutukana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, mwaka 2009 waliwaambia watu waweke mkono kwenye maji ya barafu, mara moja wakirudia tusi na mara nyingine wakirudia neno la kawaida, na kwenye tusi walivumilia mda mrefu zaidi. Baadae wakaona kwamba wale wanaotukana kila siku haiwasaidii sana, ina maana tusi ni la kuhifadhi, usilimalize kwenye foleni ya magari, liweke kwa ajili ya kidole cha mguu, na hakikisha watoto hawapo karibu.

Mguu kukaza usiku huwa naona watu wanateseka bure. Umelala, ghafla shavu la mguu linajikunja linakuwa gumu kama jiwe, na wengi wanachofanya ni kuunyoosha mguu huku vidole vinaelekea mbele, hapo ndo unaukaza zaidi. Fanya kinyume chake: nyoosha goti, shika vidole vya mguu uvivute kuelekea kwako, yaani kuelekea kwenye ugoko, na ushikilie hapo hapo hata kama unaumia, usiwe unavuta na kuachia. Kama huwezi kuvifikia zungushia taulo kwenye unyayo uvute ncha mbili za taulo kwa mikono yako. Au simama kabisa, kanyaga sakafu na unyayo wote, kisigino kiguse chini, afu egemea ukuta mwili ukienda mbele. Baada ya hapo kanda kanda kwa mkono.

Sasa ile ya ajabu, maji ya achari. Nasema yale maji ya chumvi na siki yanayobaki kwenye chupa ya mboga zilizosindikwa, sio mboga zenyewe. Mwaka 2010 watafiti Marekani waliwasababishia watu mkazo wa msuli kwa umeme wa kupimia, wakawapa mara moja maji ya kawaida na mara nyingine maji ya achari, na walipokunywa ya achari msuli ukaachia mapema zaidi, ndani ya kama dakika moja na nusu. Hapo ndo penye utamu wa jambo lenyewe, maana kwa mda huo hakijafika kitu kwenye damu, chumvi haijarudi kwenye msuli wala nini, kwa hiyo inaonekana ule ukali wa siki ukigusa koo unatuma ujumbe kwa neva na neva zinauachia msuli. Ndo maana unakunywa funda dogo tu, sio glasi. Mwenye presha ya kupanda aliyeambiwa apunguze chumvi hii aiache, kunyoosha mguu kunamtosha. Na kama mguu unauma upande mmoja kwa masaa, umevimba, una joto au umekuwa mwekundu, usiukande na usiuvute, wahi hospitali siku hiyo hiyo maana inaweza kuwa damu imeganda ndani.

Mbu. Kinachowasha sio ile sindano yake, ni mate yake, mwili unayakataa ndo unavimba. Mimi natumia kijiko cha chuma na maji ya moto, na nieleze kwa makini kwa sababu ukikosea unaungua. Maji yawe ya moto ila sio yanayochemka, chovya upande wa nyuma wa kijiko kwa sekunde chache, kifute, afu kiguse kwanza kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono. Kama pale hukivumilii basi subiri kipoe. Kikiwa cha moto wa kuvumilika kibonyeze juu ya uvimbe kwa sekunde kama 3 hadi 5 na uondoe. Mwanzoni muwasho unapanda kwa ghafla, usiogope, afu unakata na unaweza kukaa masaa bila kujikuna. Kuna vifaa vinauzwa vinafanya jambo hilo hilo, vinapasha kichuma kidogo hadi nyuzi joto 50 hivi kwa sekunde chache, na ubora wa kifaa ni kwamba joto linapimwa wakati kijiko hakipimwi, ndo maana kwa watoto na kwa mtu mwenye ganzi mwilini mimi nasema kijiko hapana, mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Ile ya kupiga msalaba kwa kucha juu ya uvimbe iache, unafungua ngozi tu na kucha ni chafu. Na homa ikija siku kadhaa baada ya kuumwa na mbu hilo ni jambo lingine kabisa, kapime.

Chunjua ni habari ndefu kidogo na inataka mtu mvumilivu. Vile vinyama vigumu vinavyoota vidoleni na kwenye nyayo vinaletwa na kirusi kinachokaa kwenye ngozi, na mwili wenyewe mara nyingi unakuja kukiona na kukiondoa, ila unaweza kuchukua miezi, hata miaka. Tiba ya nyumbani iliyonifurahisha ni seloteipu, sio ile nyembamba ya karatasi, ni ile nzito ya kijivu ya mafundi yenye nyuzi ndani. Kata kipande kinacholingana na chunjua, kisizidi sana kikala ngozi nzima, bandika na uache kwa siku 6. Ikibanduka unabandika nyingine. Jioni ya siku ya 6 itoe, loweka hapo mahali kwenye maji ya uvuguvugu, utakuta ngozi ya juu imekuwa nyeupe na laini, inakwanguka, basi ikwangue taratibu kwa tupa ya kucha au jiwe la kusugulia miguu mpaka ile ngozi iliyokufa itoke, usifike kwenye damu. Usiku huo iache wazi ipate hewa, asubuhi bandika upya. Unaendelea hivo hadi miezi miwili. Tupa hiyo usiitumie tena kwenye kucha zako nzima maana unakisambaza kirusi mwenyewe, na usimwazime mtu.

Je inafanya kazi? Mwaka 2002 utafiti mmoja ulionyesha asilimia 85 walipona kwa seloteipu dhidi ya asilimia 60 waliogandishiwa chunjua kwa baridi kali hospitali, watu wakashangilia. Tafiti zilizofuata hazikupata matokeo mazuri hivo. Kwa hiyo mimi naichukulia kama kitu cha kujaribu kwanza kwa sababu haiumi, na isipojibu naenda duka la dawa kuchukua ile dawa ya kupaka yenye asidi ya salisiliki, ambayo ushahidi wake ni mzuri zaidi. Usoni na sehemu za siri usibandike kitu, na mwenye kisukari asijikwangue miguu.

Hapo hapo kwenye kubandika, malengelenge ya viatu. Ukiwa na viatu vipya au safari ndefu ya mguu, bandika plasta ya karatasi, ile nyembamba ya hospitali ya kushikilia bandeji, kwenye kisigino na pale unapojua huwa panachubuka, kabla ya kuvaa, safu moja tu bila makunyanzi. Kuna watafiti waliwabandikia wakimbiaji wa mbio ndefu sana mwaka 2016 na malengelenge yakapungua kwa asilimia 40. Plasta ya bei rahisi kuliko zote pale dukani, na inatoka bila kuchuna ngozi.

Ukila kitu cha baridi sana kwa pupa kichwa kinapiga ghafla katikati ya macho. Bonyeza ulimi kwenye kaakaa, ikiwezekana upande wa chini wa ulimi maana una joto zaidi, au kunywa maji ya uvuguvugu. Kaakaa ndo limepoa, likipata joto kichwa kinatulia. Imeisha hiyo.

Maji yakiingia sikioni inamisha kichwa upande huo, vuta ndewe la sikio huku na huku ili tundu linyooke, yatatoka. Usichokonoe na kijiti cha pamba wala njiti, unasukuma ndani. Sikio likiziba kwa sababu ya ndege au mlima, ziba pua kwa vidole na umeze mate, mara kadhaa, inafungua kwa upole kuliko kupuliza kwa nguvu huku umeziba pua, ambako ukizidisha unaweza kuumiza kiwambo cha sikio.

Koo likikwaruza najisukutua kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja ya maji ya uvuguvugu, na siri iko kwenye kichwa: kirudishe nyuma kabisa na utoe sauti ya "aaaa" huku maji yakichezacheza kooni, usipotoa sauti maji hayafiki chini. Tema, usimeze. Kikohozi cha mafua nampa mtu asali, kijiko kabla ya kulala, bila kuichanganya na maji ya moto mengi maana tunataka ile hali ya kunata ilifunike koo. Hata miongozo ya afya ya Uingereza tangu 2018 inaitaja asali kabla ya antibayotiki kwa kikohozi cha kawaida. Ila sikiliza hapa vizuri, mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba kwenye kidole, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu tumboni kwa mtoto na kumlegeza mwili mzima hadi kupumua kukawa shida. Bibi akibisha, mwambie kwa heshima ila usimpe mtoto.

Kujifukiza kwa beseni la maji yanayochemka mimi nimeshaacha kushauri, joto linafariji pua kweli ila beseni likipinduka mapajani ni janga, na watoto wanaungua sana kwa njia hii. Oga maji ya moto mlango ukiwa umefungwa, mvuke ni ule ule.

Kichefuchefu kina tiba ambayo ukiisikia mara ya kwanza huamini, kunusa alkoholi. Ile tishu ndogo inayokuja kwenye pakiti, ya kufutia ngozi kabla ya sindano. Fungua, ishike karibu na pua ila isiguse, vuta pumzi ndefu kwa pua, toa kwa mdomo, usizidishe dakika moja, pumzika, rudia kama bado. Waliipima kwenye chumba cha dharura Marekani, majibu yakatoka 2016, na waliovuta harufu ya alkoholi walipata nafuu kuliko waliovuta tishu yenye maji ya chumvi tu. Ni kunusa, sio kunywa, na usitumie spiriti ya kuwashia jiko. Kwenye gari angalia mbali nje, kwenye upeo wa macho, na weka simu mfukoni, maana tumbo linachafuka pale macho yanaposema umekaa na masikio yanasema unatembea.

Kiungulia cha usiku, lala ubavu wa kushoto. Tumbo lilivyokaa, ukilalia kushoto asidi inabaki chini ya mlango wa umio, ukilalia kulia inaupandia. Na kama kinakurudia kila usiku inua kichwa cha kitanda, weka vipande vya mbao chini ya miguu ya upande wa kichwani sentimita 10 hadi 20, kitanda kizima kiiname. Kurundika mito hakusaidii, unakunja tumbo tu na unaamka shingo inauma. Kutafuna bigijii isiyo na sukari kwa nusu saa baada ya kula nako kunasaidia, inaongeza mate na mate yanaiteremsha asidi. Ila maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkono au taya, na jasho la baridi, hapo hakuna bigijii, ni dharura.

Chokea cha jicho kinataka joto na subira. Kitambaa safi, maji ya moto wa kuvumilika, kamua, weka juu ya jicho lililofumbwa dakika 10, kikipoa chovya tena, mara tatu au nne kwa siku. Usikikamue hata kama kimeiva kinakutamanisha.

Damu puani, hapa watu wengi wanafanya vibaya, wanarudisha kichwa nyuma na damu inashuka tumboni, wanatapika. Kaa, inama mbele, bana zile nyama laini za pua chini ya mfupa kwa vidole viwili, pumua kwa mdomo, na usiachie kuchungulia kabla ya dakika 10 kamili, ukizihesabu kwenye saa. Ikipita dakika 20 au 30 bado inatiririka, nenda.

Na kuungua, hapa ndo sitaki ubunifu wowote. Hapana dawa ya meno, hapana siagi, hapana yai, hapana barafu. Maji ya bomba ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili, na hata kama zimepita saa moja au mbili tangu uungue bado yanasaidia, hadi masaa 3 tangu uungue. Vua pete na saa mapema kabla hapajavimba. Baada ya hapo funika na ile nailoni laini ya kufunikia vyakula, iweke tu juu bila kuzungushia kwa kubana, haigandi kwenye kidonda na inazuia hewa isikukate. Lengelenge usilitumbue. Kama ni usoni, mikononi, nyayoni, kwenye viungo au sehemu za siri, au ni pakubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au ngozi imekuwa nyeupe haisikii maumivu, endelea kumwagia maji huku mwenzako anatafuta usafiri.